Huzuni Iliyopewa Mwili: Picha ya Dürer ya Mwaka 1514

Mswahili husema kwamba huzuni imemshika, hofu imemwingia, hasira zimempanda. Katika semi hizo hisia ni kitu kisicho na sura, twakijua kwa kitendo chake tu. Wachoraji wa Ulaya wa karne ya 15 na ya 16 walishika njia nyingine: waliipa hisia mwili, mavazi na vyombo. Katika makala haya twakusudia kuieleza njia hiyo kwa mfano mmoja.

Mfano wenyewe ni "Melencolia I", picha ya chapa ambayo Albrecht Dürer wa Nuremberg aliichonga juu ya bamba la shaba mwaka 1514. Kimo chake ni sentimita 24 hivi. Mwanamke mwenye mabawa ameketi, shavu ameliegemeza mkononi. Mkono wa pili una bikari isiyofanya kazi. Funguo na mfuko wa fedha vinaning'inia kwenye vazi lake. Chini pametapakaa msumeno, randa na misumari, na mbwa amejikunja. Ukutani pana mizani, kengele, saa ya mchanga na mraba wa namba ambao kila safu yake hutoa jumla ya 34. Katika safu ya chini, namba 15 na 14 zautaja mwaka wa picha.

Jina la picha latoka katika Kigiriki, na maana yake ni nyongo nyeusi. Matabibu wa kale walifundisha kwamba mwilini mna maji ya namna nne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Elimu hiyo ilipokewa pia na matabibu walioandika kwa Kiarabu. Neno letu "safura" ni alama yake, kwani asili yake yahusu nyongo ya manjano. Nyongo nyeusi ikizidi, mtu hulemewa na majonzi. Lakini mwaka 1489 Marsilio Ficino wa Firenze alieleza kwamba hali hiyo, iliyohusishwa na sayari ya Zohali, ndiyo hali ya wanafikra pia. Kwa hiyo mwanamke wa Dürer si mvivu: macho yake yanatazama mbali, na vyombo vyote anavyo.

Kwa nini mwanamke? Sarufi ina sehemu yake. Katika Kilatini na Kiitaliano, majina mengi ya hisia ni ya jinsia ya kike, na wachoraji waliifuata jinsia hiyo. "Amor", yaani mapenzi, ni jina la kiume, naye huchorwa mtoto wa kiume. Cesare Ripa alikusanya maelezo ya sura hizo katika "Iconologia", kitabu kilichotoka Roma mwaka 1593, kikatiwa picha mwaka 1603.

Kiswahili hakigawi majina kwa kike na kiume. Basi mfasiri aandikaye "huzuni" tu chini ya picha hii apoteza mambo mawili: mwanamke aliyezaliwa na sarufi, na fikra iliyo ndani ya majonzi yake. Afadhali aongeze maelezo mafupi kuliko kumwacha msomaji aone mtu aliyefiwa.