Dawa za Moyo, Presha na Chumvi ya Mwilini

Hapa Somanda na Bariadi kwa jumla wapo ndugu zetu wanaomeza vidonge kila siku kwa kuwa moyo umedhoofika na hausukumi damu sawasawa. Miguu huvimba, na pumzi hukatika mgonjwa akilala chali. Baada ya miezi michache husema: "Presha imeshuka, ya nini kuendelea na dawa?" Akiacha, uvimbe hurudi.

Moyo ukichoka, figo hupata damu kidogo. Figo hudhani mwili umekaukiwa, hivyo huzuia chumvi, na chumvi huvuta maji. Furosemaidi (wengi huiita Lasix) huitoa chumvi hiyo kwa mkojo, maji yakaifuata. Enalaprili hulegeza mishipa ili moyo usukume mzigo mwepesi. Ndiyo maana presha hushuka. Kwa mgonjwa huyu, presha ya 100 kwa namba ya juu, bila kizunguzungu, kwa kawaida si sababu ya kuacha dawa. Kichwa kikizunguka, aketi kwanza kitandani ndipo ainuke. Akizidiwa au akianguka, aende kliniki wampunguzie kipimo.

Mwilini imo pia potasiamu, inayosaidia kuongoza mapigo ya moyo. Furosemaidi huipoteza; enalaprili na spironolaktoni huibakiza. Ikipungua mno au ikizidi, moyo waweza kudunda ovyo hata kusimama, pengine bila dalili ya awali. Kwa hiyo tusione uchungu damu inapotolewa kupima figo na chumvi hizi.

Jikoni, wengi hupunguza chumvi wakasahau magadi ya kwenye mlenda na maharage. Magadi nayo yana sodiamu, ileile ya chumvi ya mezani.

Tena msimu wa palizi ya pamba mgongo huuma, na diklofenaki hununuliwa dukani kama pipi! Dawa hiyo huzuia chumvi na maji, huumiza figo, na hupunguza nguvu ya furosemaidi. Parasetamoli ni afadhali.

Mgonjwa akiharisha au kutapika, apelekwe kituoni siku hiyohiyo pamoja na vidonge vyake, maana huenda baadhi vikasimamishwa kwa muda. Na penye mzani, apimwe kila asubuhi baada ya kukojoa: akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, ni maji hayo, asingoje tarehe ya kliniki.