Kabla hujakimbilia Kirinyaga Road kununua pistoni

Umerithi Datsun 1200 ya guka, na kila ukikanyaga mafuta inafuka moshi wa samawati. Fundi wako pale Dagoretti Corner ameifungua injini, sasa anakutuma mjini: "Leta pistoni." Ngoja kwanza. Muulize, saizi gani?

Silinda za gari hilo zilitoka kiwandani na kipenyo cha milimita 73. Miaka ya kusuguliwa imezila, tena si sawasawa; juu huliwa kuliko chini. Dawa ni kuzichonga upya ziwe mviringo, kisha kuweka pistoni kubwa kidogo: kwa 0.25, 0.50, 0.75 au milimita 1 nzima. Silinda iliyoharibika zaidi ndiyo inayoamua saizi, si mfuko wako.

Shida ni kwamba spea za magari ya kitambo hazipatikani kwa kila saizi. Ukichonga hadi 0.50 halafu dukani ubahatike kupata 1.00 pekee, utalipia mashine mara mbili. Kwa hivyo pima, tafuta pistoni zote nne, ndipo uzipeleke pamoja na bloku. Fundi wa mashine atachonga akifuata pistoni zenyewe, akiacha nafasi nyembamba kuliko unywele.

Dukani, angalia kichwa cha pistoni. Ukiona STD, hiyo ni ya saizi ya kiwandani, hata muuzaji aape vipi. Na kama ni gari la Kiingereza, 020 ni elfu za inchi, yaani karibu nusu milimita.

Wewe wa Peugeot 504 pumua: silinda zako huchomolewa, ukanunua mpya pamoja na pistoni zake.