Raptor 700R ao YFZ450R: ipi kwa mchanga na njia za msitu?
Kwenye vilima vya mchanga vya Imperial, kusini mwa California huko Marekani, wapenzi wa pikipiki za magurudumu manne hubishana juu ya Yamaha mbili. Raptor 700R ina moteri ya sentimita za ujazo 686, yenye kuvuta hata inapozunguka polepole. Kwa kupanda mchanga laini, hiyo ni faida kubwa. YFZ450R, ya 449, hutaka mzunguko wa juu. Ni pana zaidi, hukaa imara kwenye kona. Lakini haina vitesi ya kurudi nyuma! Ukikwama mbele ya gogo katika kijia chembamba, unashuka na kuvuta kwa mikono chombo cha kilo zaidi ya 180. Raptor inarudi yenyewe. Wa mashindano achukue YFZ. Anayetembea peke yake msituni, Raptor.