Machungwa Yakidondoka, Okota Moja Ulipasue



Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, inajulikana nchini kote kwa machungwa. Wakulima wengi wa huko wanasomesha watoto na kuezeka nyumba kwa fedha za machungwa. Basi mkulima akiingia shambani asubuhi akakuta vichungwa vimetapakaa chini ya mti, moyo humshtuka. Wengine husema shamba limefanyiwa kijicho. Wengine hukimbilia dukani kununua dawa, yoyote ile, wakapuliza. Fedha imekwenda na machungwa bado yanadondoka.

Sisi tunasema, ngoja kwanza. Si kila tunda linaloanguka lina ugonjwa. Kabla ya kutoa shilingi yako, okota tunda, litazame, kisha lipasue kwa kisu.

Mti hupunguza mzigo wake

Mchungwa huchanua maua mengi kuliko matunda unayoweza kuyalea. Katika maua 100, kwa kawaida ni 2 au 3 tu yanayofika kuwa machungwa ya kuvunwa. Mengine yote huanguka. Kwanza hupukutika maua yenyewe. Kisha huanguka vitunda vidogo kama punje ya mtama au njegere. Baadaye, vichungwa vikiwa na ukubwa wa gololi, vingine huanguka tena, na hapo ndipo watu wanapopiga kelele, maana sasa vinaonekana.

Kwa nini iwe hivyo? Chakula cha tunda hutengenezwa na majani, kwa msaada wa jua, maji na hewa. Chakula hicho kina kipimo chake. Ni kama mama mwenye sufuria moja ya uji na watoto 20 mlangoni. Mama hawezi kumfukuza mtoto hata mmoja, lakini mti huweza. Vichungwa vinyonge huachiliwa ili vilivyobaki vishibe. Ukivipasua hivyo vilivyoanguka utaona ndani ni safi, hamna tundu wala funza. Hiyo si hasara. Kama mti ungebakiza vyote, ungevuna machungwa madogo kama ndimu, na matawi yangevunjika kwa uzito.

Kiu na jembe

Lakini mti ukiwa na kiu au njaa, huachilia hata vile ambavyo ungeweza kuvilea. Hapo ndipo hasara inapoanza.

Huko Muheza michungwa mingi huchanua mvua za vuli zikishaanza. Matunda hayo huvunwa kuanzia mwezi wa Mei na kuendelea. Maana yake ni kwamba kiangazi cha Januari na Februari kinayakuta yangali machanga. Jua likiwa kali na udongo umekauka, majani huvuta maji hata kutoka kwenye matunda. Majani ndiyo yenye nguvu, tunda ndilo linaloumia. Kisha mvua kubwa ikija ghafula baada ya ukame, machungwa yaliyokwisha kukua hunywa maji kwa pupa na ganda hupasuka. Hayo nayo huanguka.

Mkulima hana bomba la kuimwagilia michungwa yote, tunajua. Lakini anayo majani makavu. Tandaza nyasi kavu au mabua chini ya mti mvua za vuli zikiwa zinaisha, udongo ungali na unyevu. Yaenee mpaka chini ya ncha za matawi, ila yasiguse shina, maana shina likikaa na unyevu huoza gome. Magugu yafyeke. Yanakunywa maji yale yale.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Mizizi inayolisha mchungwa haiko mbali chini, iko karibu na uso wa udongo. Mtu akilima kwa jembe la nguvu chini ya mti wenye maua, au akapanda mihogo pale na kuing'oa, anakata mdomo wa mti. Baada ya hapo hushangaa mbona maua yamepukutika! Mazao mengine panda nje ya kivuli cha mchungwa.

Samadi iliyooza vizuri itie mwanzo wa mvua, kuzunguka chini ya ncha za matawi, siyo kwenye shina. Mbolea ya chumvichumvi isizidi. Mti ukipewa kupita kiasi mbolea ya kukuzia, ile ya naitrojeni, unatoa majani mengi na machungwa yenye ganda nene. Kwa kipimo, muulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wenu.

Ukikuta funza ndani

Sasa tuseme umepasua tunda ukakuta wadudu. Watazame. Wakiwa wengi, weupe, hawana miguu, hao ni watoto wa nzi wa matunda. Akiwa mmoja, ana rangi ya waridi na kichwa cha kahawia, huyo ni kiwavi wa nondo.

Nzi wa matunda anayesumbua zaidi alitoka bara la Asia. Alionekana Afrika Mashariki mara ya kwanza mwaka 2003, na tangu hapo ametia hasara kubwa kwenye maembe na machungwa. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai ndani. Funza hula nyama ya tunda, tunda huanguka, nao hutoka na kujificha udongoni. Baada ya wiki moja au mbili hivi wanaruka wakiwa nzi kamili. Kwa hiyo chungwa bovu lililoachwa chini ni kiota.

Okota yote walau mara mbili kwa wiki, uyafukie kwenye shimo la kina cha nusu mita au zaidi. Kazi hii ifanyeni pamoja, majirani wote, kwa sababu nzi hajui mpaka wa shamba. Dawa ukiipuliza juu haiwafikii funza walio ndani ya tunda. Ukiipuliza wakati wa maua unaua nyuki.

Na wale sisimizi wekundu waitwao maji moto, wanaoshona majani, usiwachome. Wanawinda wadudu na kuwafukuza nzi. Wakulima wa kusini mwa China wamewafuga ndugu zao kwenye michungwa kwa zaidi ya miaka 1,600. Kweli wanauma wakati wa kuvuna! Vuna asubuhi na mapema, hawajachangamka.

Kijani si ubichi

Jambo la mwisho ni bei. Machungwa ya pwani hubaki ya kijani hata yakiiva, kwa sababu usiku wetu una joto. Ganda hugeuka rangi ya chungwa kule kwenye baridi. Kwa hiyo usiyahukumu kwa rangi. Lakini jihadhari: chungwa si kama ndizi wala embe. Likishachumwa haliongezi utamu tena. Wapo wanunuzi wanaokuja mapema na kutaka kuchuma shamba zima kabla halijakomaa, kwa bei ya chini. Chuma machungwa matatu, moja kutoka kila upande wa mti, uyakate na kuyaonja mbele ya mnunuzi. Yakiwa bado makali na maji ni kidogo, mwambie arudi baada ya wiki tatu.