Upya wa Huzuni katika Hip Hop ya Kiswahili

Hip hop ya andagraundi ni ile itungwayo nje ya kampuni kubwa za muziki, ienezwayo baina ya wasikilizaji wenyewe zaidi kuliko redioni. Nyingi katika tungo zake ni za giza: njaa, jela, urafiki uliovunjika, kifo cha mapema. Kwa kuwa mambo hayo yameghaniwa kwa Kiswahili kwa zaidi ya miaka 25, yafaa kuuliza kama huzuni hiyo ingali mpya masikioni, au imekuwa desturi tu.

Mtindo huu ulipata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1998 Joseph Mbilinyi, ajulikanaye kwa jina la Mr. II, alitoa Hali Halisi, utungo uliotaja taabu za vijana wa Tanzania bila kuzipamba. Wakati huohuo huko Nairobi vijana watatu wa Dandora, waitwao Kalamashaka, walitoa Tafsiri Hii, wakichanganya Kiswahili na Sheng. Jina lenyewe ni agizo: msikilizaji hatakiwi kuhurumia tu, bali kufasiri.

Katika kufasiri huko ndimo ulimo ugumu wa kwanza. Neno la mtaani huchakaa upesi, kwani kazi yake mojawapo ni kumtenga aliye ndani na aliye nje. Likishajulikana na wote, wenyewe hulitupa. Mitaani Dar es Salaam fedha peke yake imeitwa mapene, mshiko, mkwanja na mpunga. Utungo unaotegemea ugeni wa maneno ya namna hiyo huzeeka pamoja nayo.

Hata hivyo Kiswahili fasaha peke yake si dawa. Nash MC, aliyeipa albamu yake jina la Mzimu wa Shaaban Robert, ameonyesha kwamba lugha sanifu yaweza kubeba hip hop barabara. Lakini maneno kama dhiki na dhuluma, yakirudiwa pasipo kitu cha kuyashikilia, huchosha sawa na msimu uliopitwa na wakati.

Ushahidi wa kale wapatikana katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19. Mawazo yake juu ya ubatili wa dunia yalikuwa yamekwisha kusemwa mara nyingi kabla yake. Lahaja yake ya kaskazini nayo humlazimu msomaji wa leo kutafuta maelezo. Lakini huzuni yake haijachakaa, kwa sababu mshairi hakusema kwa jumla kwamba Pate imeanguka. Alitaja taa zilizozimika, na popo na wadudu waliorithi vyumba vya matajiri. Neno gumu laweza kuelezwa, na kitu kilichotajwa kikaonekana. Bali pasipotajwa kitu, maelezo hayana la kuokoa.

Kipimo hicho chaweza kutumika mbali na miji mikubwa, kwa mfano Mchukwi, wilayani Kibiti. Nchi ya Kibiti na Rufiji imepata giza lake yenyewe: mauaji ya viongozi wa vijiji na askari yaliyofikia ukali mwaka 2017, na mafuriko ya mwaka 2024 yaliyofunika mashamba na nyumba. Mghani wa huko akiazima magenge na majalala ya Dandora, atakuwa akihuzunika kwa macho ya mtu mwingine. Bali katika bonde la Rufiji lipo dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mkulima hulinda shamba lake. Upo na mpunga, ambao kwa kijana wa Dar es Salaam ni fedha, na kwa wazee wake ni zao. Akisema kwamba mpunga umezama, maana zote mbili huzama pamoja, na wala hakuazima neno.

Mfano huo ni mdogo, lakini wawahusu watunga kamusi. Kamusi ikiandika mpunga kuwa ni nafaka tu, msomaji wa miaka 50 ijayo atapata nusu ya mstari. Tungo za andagraundi hukaa katika kanda na simu, navyo huharibika na kupotea. Kuzikusanya pamoja na maelezo ya maneno yake, wangali hai waliozitunga, ndiyo njia ya kuuhifadhi upya wake.