Tafsiri Isiyo na Maneno: Ogani ya Bach Mikononi mwa Okestra

Swali la uaminifu wa mfasiri kwa matini asilia ni kongwe katika taaluma yetu. Makala haya yanalifuata nje ya fasihi, katika muziki wa ogani wa enzi ya baroki, hususan wa Mjerumani Johann Sebastian Bach (1685–1750), ambao umehamishwa mara nyingi kutoka ogani hadi okestra. Tunashikilia kwamba uhamishaji huo ni tafsiri, na kwamba hufaidiwa zaidi ukisikilizwa sambamba na asilia yake.

Ogani huitwa kinanda, ila kwa maumbile ni ndugu ya filimbi: upepo wa mivuo husukumwa katika mabomba, na lile refu kabisa laweza kukaribia mita 10. Mikono hupiga juu, miguu hubeba besi. Mpigaji aguse kwa upole au kwa ukali, sauti ya bomba ni ile ile, wala haififii hadi kidole kiinuliwe. Ogani haipumui. Ndiyo maana uhondo wake haumo katika kupaza na kushusha sauti bali katika jinsi sauti kadhaa zinavyosukwa pamoja bila mojawapo kuimeza nyingine.

Chukua Passacaglia (BWV 582). Miguu hutanguliza peke yake wazo fupi la besi, ambalo nusu yake ya kwanza inafanana na kazi ya Mfaransa André Raison ya mwaka 1688. Kisha wazo hilo hurudiwa katika "beti" 20. Msomaji wa ushairi atakumbuka kibwagizo, ingawa hiki hakingoji mwisho wa ubeti: mara nyingi hutembea chini yake wote, na mara nyingine hupanda juu. Baadaye huja fuga, ambamo sauti moja hutoa wazo, ya pili hulipokea, ya tatu vivyo hivyo, na mazungumzo huendelea.

Leopold Stokowski, aliyezaliwa London mwaka 1882 na kuwa mpiga ogani wa kanisa kabla ya kuongoza okestra ya Philadelphia, aliipangia kazi hii okestra mwaka 1922. Kwake, besi huanza kama mnong'ono wa fidla kubwa, na sauti huvimba na kunywea, jambo ambalo bomba moja haliwezi. Hata hivyo, hakusahau ogani. Aliwaruhusu wapiga fidla wake wasivute nyuta kwa pamoja, ili sauti ya kundi isikatike. Huo ndio ufundi wa mfasiri anayeijua lugha chasili kwa ndani! Ottorino Respighi aliishughulikia matini hiyo hiyo mwaka 1930, nasi tukapata tafsiri mbili za kulinganisha, bahati isiyopatikana kila siku.

Arnold Schoenberg naye, mwaka 1928, aliipangia okestra kazi nyingine (BWV 552), akigawa rangi za ala ili kila uzi wa ususi usikike waziwazi. Tafsiri yake ni ya mchambuzi. Ya Stokowski ni ya mshairi.

Je, huu ni usaliti? Wapinzani wana hoja: utulivu wa sauti isiyopumua hupotea, na mahaba ya karne ya 19 hupenyezwa mahali ambapo hayakuwapo. Lakini Bach mwenyewe alikuwa mfasiri. Alichukua tungo za fidla za Mwitalia Antonio Vivaldi akazihamishia ogani, kama BWV 593. Na kuhusu Toccata na Fuga (BWV 565), iliyoenezwa na Stokowski katika filamu ya Fantasia (1940), mtaalamu Peter Williams alidai mwaka 1981 kwamba huenda ilitokana na utungo wa fidla, tena usio wa Bach. Mjadala ungalipo.

Anayeanza na asikilize Passacaglia kwenye ogani kwanza, akiifuata besi peke yake, kisha Stokowski, kisha airudie ogani. Katika mzunguko wa tatu ndipo sauti za kati huanza kujitokeza.