Begi limepotea, ndege imechelewa: haki yako ina tarehe ya mwisho

Watu wa Pwani twasafiri. Wiki haipiti bila mtu wa Kisauni, Likoni, Malindi au Lamu kuelekea Jeddah kwa umra, Dubai kwa biashara, Doha na Muscat kwa kazi, au Ulaya kuwaona watoto na wajukuu. Nami nasikia malalamiko yale yale kila wanaporudi: begi halikufika, begi limefika limechanwa, ndege ililala njiani na arusi ikapita. Wengi humaliza kwa kusema, "Basi, ndiyo mipango ya Mungu." Hayo hatuyakatai. Lakini mzigo ulioukabidhi kaunta ukapewa nambari una mwenye kuulizwa, na sheria imemtaja.

Kisa kimoja kilinifanya niandike makala haya. Mama mmoja wa mtaani kwetu alirudi kutoka Ghuba, begi lake likatoka kwenye mkanda limepasuliwa na nusu ya vitu havimo. Alichoka, akachukua teksi akaenda zake nyumbani. Wiki tatu baadaye mwanawe alipokwenda kudai, aliambiwa muda umepita. Na kwa bahati mbaya, waliomjibu walikuwa na sheria upande wao.

Sheria yenyewe ni ipi

Safari nyingi za ndege kati ya nchi na nchi zasimamiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kutumika Novemba 2003. Kenya ni mwanachama. Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Qatar, Oman, Ethiopia na Uturuki nazo ni wanachama, kwa hivyo karibu njia zote tunazopita zimo. Katiba yetu, kifungu cha 2(6), yasema mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za nchi. Huhitaji kwenda Canada kuutumia. Mahakama ya Mombasa yautambua.

Jambo lingine lisilojulikana sana: ikiwa tiketi yako ni moja kutoka Mombasa kupitia Nairobi hadi Jeddah, kipande cha Mombasa hadi Nairobi nacho chahesabiwa kuwa safari ya kimataifa. Lakini ajenti akikukatia tiketi mbili mbalimbali ili bei ishuke, kila moja yasimama peke yake. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, shirika la pili litakwambia hukufika kwa wakati, na la kwanza litakwambia halikujua una safari nyingine. Muulize ajenti kabla hujalipa: hii ni tiketi moja au ni mbili?

Safari za ndani, kama Lamu hadi Nairobi kwa tiketi yake, hazimo katika mkataba huu. Huko utategemea masharti ya tiketi, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na kifungu cha 46 cha Katiba kinachompa mnunuzi wa huduma haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro ya huduma hiyo.

Mizigo

Hapa ndipo wengi wanapopoteza haki yao. Begi likiharibika, au likifika na vitu vimepungua, una siku 7 tangu ulipolipokea kulalamika kwa maandishi. Likichelewa kisha likaletwa, una siku 21 tangu siku uliyokabidhiwa. Lisipoonekana kwa siku 21 tangu siku lilipotakiwa kufika, sheria yalihesabu limepotea, na waweza kudai fidia hata kama shirika bado lasema "tunatafuta."

Maneno ya mdomo kaunta hayatoshi. Ukipokea begi ukaondoka kimya, sheria yachukulia kwamba ulilipokea likiwa zima. Ukinyamaza hadi siku zipite, mlango wafungwa, isipokuwa uthibitishe kwamba shirika lilifanya hila. Kwa hivyo usitoke uwanjani kabla ya kujaza fomu ya mizigo na kupewa nambari ya kumbukumbu, kisha ukifika nyumbani tuma barua pepe kueleza hasara yako. Fomu ya uwanjani peke yake huenda isihesabiwe kuwa dai kamili.

Fidia ina kikomo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo cha mizigo ni vipimo 1,519 vya fedha inayohesabiwa na Shirika la Fedha Duniani, yaani takriban dola 2,000 za Kimarekani kwa kila abiria. Hicho ni kikomo, hupewi chote moja kwa moja. Utalipwa hasara unayoweza kuithibitisha, na hapa wazee wetu walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Weka risiti. Piga picha ya begi likiwa wazi kabla ya kulifunga. Ukibeba kitu cha thamani zaidi, waweza kutangaza thamani yake kaunta na kulipa ada ya ziada, na kikomo chapanda. Lakini dhahabu ya bibi arusi na pesa taslimu, tafadhali, zibebe mkononi.

Kuchelewa

Ndege ikichelewa, shirika lawajibika kwa hasara uliyopata, mpaka lithibitishe kwamba lilichukua kila hatua inayofaa kuizuia. Mzigo wa kuthibitisha ni wao. Kikomo kwa kila abiria ni vipimo 6,303, yaani zaidi kidogo ya shilingi milioni moja kwa bei ya dola ya sasa. Kinachodaiwa ni hasara ya pesa: hoteli uliyolipa, chakula, teksi, tiketi mpya, mshahara uliokatwa. Uchungu wa moyo na usumbufu mtupu mahakama nyingi hazijaulipa chini ya mkataba huu, na fidia ya kuliadhibu shirika imekatazwa kabisa.

Wanaokwenda Ulaya wana kinga ya ziada. Kanuni nambari 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 yamlinda kila abiria anayeondoka kwenye uwanja wa nchi za Umoja huo, kwa shirika lolote, na pia anayeelekea huko kwa shirika la Ulaya. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500, ndege ikifutwa ghafla au ukikataliwa kupanda kwa sababu viti vimeuzwa kupita kiasi, fidia yafika euro 600. Mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 2009 kwamba kuchelewa kufika kwa saa tatu au zaidi nako kwalipwa. Shirika laepuka likithibitisha jambo lisilozuilika, kama hali mbaya ya hewa. Haki hii haiulizi uraia. Pasipoti ya Kenya yatosha.

Kushtaki: wapi na vipi

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: shirika ni la nje, nitalishtaki wapi? Mkataba wakupa chaguo: makao makuu ya shirika, ofisi yao iliyokuuzia tiketi, au mahali pa mwisho pa safari. Kwa tiketi ya kwenda na kurudi, mahali pa mwisho ni pale ulipoanzia. Aliyekata tiketi ya Mombasa hadi Jeddah na kurudi, safari yake yaishia Mombasa kisheria, na aweza kushtaki Kenya hata kama begi lilipotelea Jeddah. Likipotea katikati ya mashirika mawili kwenye tiketi moja, waweza kudai kwa la kwanza, la mwisho, au lile lililokuwa nalo lilipopotea.

Anza na barua ya madai: nambari ya tiketi, tarehe, hasara kwa shilingi, nakala za risiti, na siku unazowapa kujibu. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga nchini. Kama bado, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na Mombasa ipo. Yasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, waweza kujisimamia bila wakili, na sheria yataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Dai la begi laingia humo bila taabu.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, una miaka 2 tu kufungua kesi, tangu siku ndege ilipofika au ilipotakiwa kufika. Kuna wanaodhani wana miaka 6 kama mikataba mingine ya Kenya. Ikipita miwili, haki imekufa, na mazungumzo ya barua pepe na shirika usiyategemee kusimamisha saa hiyo. Pili, shirika laweza kukupa vocha au pesa kidogo pamoja na karatasi ya kutia sahihi. Isome. Ikisema umelipwa kikamilifu, ukitia sahihi umefunga dai lako.

Kifo na majeraha ni mlango mwingine. Huko mpaka vipimo 151,880 shirika haliwezi kujitetea kwamba halikukosea, ijapokuwa laweza kupunguziwa iwapo abiria mwenyewe alichangia. Zaidi ya hapo kuna ubishi, na watengenezaji wa ndege nao waweza kushtakiwa. Baada ya ndege ya Ethiopia kuanguka tarehe 10 Machi 2019 ikielekea Nairobi, watu 157 wakafariki, 32 kati yao Wakenya, familia nyingi zilikwenda kuishtaki Boeing mahakamani Chicago. Kesi kama hizo usiende bila wakili, na usitie sahihi chochote ukiwa matangani.

Lakini begi na kuchelewa ni mambo unayoweza kuyafanya mwenyewe. Kama kuna mzee nyumbani anayejiandaa kwa umra, mwandikie siku hizi kwenye karatasi aiweke pamoja na pasipoti: 7 kwa mzigo ulioharibika, 21 kwa uliochelewa, miaka 2 kwa mahakama.